Unakoishi pamefungiwa: njia nne za masoko ya utabiri, na sheria inavyoitazama kila moja

Ukurasa wa soko la utabiri, mahali ambapo watu hununua na kuuza hisa za jibu la tukio lijalo, unafunguka bila shida. Bei zote zinaonekana: Ndiyo senti 62, Hapana senti 39. Grafu inacheza, maoni yanamiminika chini yake. Unaandika kiasi, unagusa kitufe cha kununua, na hapo unaambiwa kwa sentensi moja kwamba huduma hii haipatikani katika eneo lako.

Wengi hapo hapo huuliza, "Nitapitaje?" Swali lenye faida ni jingine: nimezuiwa na nani? Jibu la "je, ni halali?" hutegemea aliyefunga mlango, na njia nne ambazo watu hukimbilia baada ya kukutana na ujumbe ule hazilingani hata kidogo mbele ya sheria. Nitaziweka bega kwa bega, ila kwanza tuutazame mlango wenyewe.

Aliyefunga ni nani?

Mara nyingine ni tovuti yenyewe, kwa kuogopa au kwa kuamriwa. Januari 2022, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa, CFTC, iliitoza Polymarket, soko la utabiri la mtandaoni, faini ya dola milioni 1.4 kwa kuendesha soko bila usajili. Kampuni ikalipa, ikawafungia waliokuwa Marekani. Tazama nani aligongwa: mwendeshaji. Mnunuzi wa kawaida hakuwa mshtakiwa. Hata sheria mbili za shirikisho ambazo watu hupenda kuzitaja, ile ya mwaka 1961 juu ya dau linalopitia nyaya za mawasiliano na ile ya 2006 juu ya malipo ya kamari za mtandaoni, zimemlenga anayefanya biashara ya kupokea dau, si anayeliweka.

Mara nyingine ni mdhibiti wa nchi. Gespa, mdhibiti wa kamari wa Uswisi, iliiingiza Polymarket kwenye orodha yake ya tovuti za kuzuiwa Novemba 2024, Poland ikafuata Januari 2025, na Agosti 2025 ikawa zamu ya Australia, ambako mamlaka ya mawasiliano, ACMA, iliamua kwamba tovuti hiyo inavunja sheria ya kamari za mtandaoni ya 2001. Sheria hiyo ya Australia nayo inamwandama mtoa huduma, mchezaji haimshtaki. Ufaransa ilikuwa katikati ya hali hizi mbili: mdhibiti wake, ANJ, alipoanza kuichunguza kampuni Novemba 2024, baada ya Mfaransa mmoja kuvuna mamilioni ya dola kwenye uchaguzi wa Marekani, Polymarket ilijifungia yenyewe kwa watu walioko huko.

Halafu kuna mahali ambapo sheria inakushika wewe mkononi. Singapore ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Chini ya sheria yake ya udhibiti wa kamari ya 2022, mtu binafsi anayecheza na mwendeshaji asiye na leseni anaweza kutozwa hadi dola 10,000 za Singapore, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Hapo swali la "je, ni halali kwa mkazi?" lina jibu la neno moja, na neno lenyewe ni hapana.

Na kuna vikwazo vya kimataifa: Iran, Korea Kaskazini, Cuba na wengine walio kwenye orodha za Marekani. Hao hawazuiwi kwa sababu ya kamari wala ya soko. Wanazuiwa kwa sababu kampuni ikiwahudumia inaingia kwenye kosa lililo zito kuliko yote yaliyotajwa hapo juu. Ukiwa upande huo, sehemu kubwa ya makala hii haikuhusu, na yeyote anayekuuzia "mbinu" anakuuzia balaa.

Kwa hiyo ramani moja yenye rangi nyekundu inaficha hali nne tofauti. Ujumbe wa skrini ni uleule kwa mtu wa Ufaransa na wa Singapore, lakini mmoja ananyimwa huduma na mwingine anaonywa kuhusu kosa lake mwenyewe.

Kamari au mkataba wa fedha?

Nchi pia hazikubaliani bidhaa hii iitweje, na jina lina uzito. Hisa ya soko la utabiri hulipa dola 1 tukio likitokea na sifuri lisipotokea. Mdhibiti wa kamari akiiangalia anaona dau. Mdhibiti wa masoko ya mitaji anaona mkataba wa ndiyo-au-hapana, aina ambayo wadhibiti wengi wamekwisha kuichoka: Kanada ilipiga marufuku mwaka 2017 kuwauzia watu binafsi mikataba ya namna hiyo yenye muda chini ya siku 30, Umoja wa Ulaya ukaizuia kwa wawekezaji wa kawaida mwaka 2018, Uingereza ikaifungia moja kwa moja Aprili 2019, na Australia ikafuata mwaka 2021.

Ndiyo maana hoja ya "mimi sichezi kamari, huu ni uwekezaji" haikusaidii kama unavyodhani. Unaweza kuukimbia mkono wa mdhibiti wa kamari na kuangukia moja kwa moja miguuni mwa mwenzake. Unapochunguza sheria ya unakoishi, angalia zote mbili.

Jambo jingine dogo linalowaponza wasafiri: uraia, ukazi na mahali ulipo ni vitu vitatu. Sheria ya kamari kwa kawaida hutazama ulipo unapobofya. Masharti ya tovuti mara nyingi hutazama pia unakoishi, hivyo mkazi wa eneo lililofungiwa aliye likizoni nje anaweza kuona kitufe kikifanya kazi na bado akawa anavunja masharti.

Njia nne kwa haraka

| Njia | Anayeweza kukushtaki au kukufungia | Pesa ikikwama |
|---|---|---|
| VPN (programu inayoficha mahali ulipo) kwenye tovuti iliyokuzuia | Tovuti daima. Serikali, kama sheria inamgusa mchezaji | Huna pa kulalamika |
| Moja kwa moja kwenye mkataba mahiri (programu inayoendesha soko bila kupitia tovuti) | Serikali, kama sheria inamgusa mchezaji | Hakuna hata wa kumwandikia |
| Soko au ubadilishanaji wenye leseni | Hakuna, ukiwa ndani ya eneo la leseni | Mdhibiti, mahakama, taratibu za malalamiko |
| Utabiri wa pointi | Hakuna | Hakuna pesa |

Jedwali linasema ukweli, ila linausema kwa mkato mno. Safu ya mwisho ndiyo ninayotaka uisome mara mbili.

VPN: dakika mbili za kuingia, wiki nyingi za kutoka

Hii ndiyo kipenzi cha wengi. VPN yenyewe ni programu halali katika nchi nyingi. Maofisi huitumia kila siku kulinda mawasiliano ya wafanyakazi. Chombo hakina kosa. Kosa ni kauli unayoitoa ukiwa umekivaa: kwamba uko mahali usipo, ili upokewe na mtu aliyekwisha kusema hakupokei. Masharti ya Polymarket yanakataza wazi kukwepa kizuizi kwa VPN. Kuvunja masharti peke yake si jinai, ni kuvunja makubaliano. Hapo ndipo washauri wa mitandaoni wanapoishia, na hapo ndipo mimi naona habari inaanza.

Chukua mtu aliyeweka dola 500 kwenye Ndiyo kwa senti 62. Anapata hisa 806. Akishinda, analipwa dola 806, faida ya dola 306 hivi. Tuseme ameshinda. Pesa iko kwenye pochi yake ya kidijitali kwa USDC, sarafu ya mtandaoni inayolingana na dola, na sasa anataka pesa ya kununulia chakula, kwa hiyo anaipeleka kwenye kampuni ya kubadilishia sarafu. Kampuni inaona fedha zimetoka kwenye anwani za soko la utabiri, inampelekea fomu: chanzo cha fedha hizi ni nini?

Ana majibu mawili. Akisema kweli, ameandika kwa mkono wake kwamba alitumia huduma iliyofungiwa katika nchi yake, na kampuni ina haki ya kufunga akaunti. Akidanganya, ametoka kwenye dau, ambalo pengine halikuwa kosa lake, na kuingia kwenye kuidanganya taasisi ya fedha, jambo ambalo nchi nyingi zinaliadhibu peke yake na kwa ukali zaidi. Nimewahi kukaa wiki tano nikisubiri kampuni moja ya kubadilishia sarafu, sitaitaja, ikubali maelezo yangu ya fedha ambazo zilikuwa safi kabisa, zenye risiti. Sijui ningeandika nini kama zingekuwa zimepita mlango wa nyuma.

Na vipi kama soko lenyewe limeamua kinyume chako na unaamini umeonewa? Haya si mawazo tu. Mwaka 2025 Polymarket iliuliza kama Rais Volodymyr Zelensky ataonekana amevaa suti kabla ya Julai. Mwishoni mwa Juni alitokea kwenye mkutano wa NATO mjini The Hague na koti jeusi na suruali yake, na vyombo vya habari kadhaa vikaandika "suti". Zaidi ya dola milioni 200 zilikuwa zimezunguka kwenye swali hilo. Jibu la mwisho likawa Hapana. Halikuamuliwa na hakimu wala na fundi cherehani. Liliamuliwa kwa kura za wenye tokeni (sarafu za kidijitali zinazompa mwenye nazo kura) za UMA, mfumo unaotumiwa kutatua mabishano: mtu hupendekeza jibu, kuna saa chache za kulipinga, likipingwa mara ya pili kura zinapigwa, na mwenye tokeni nyingi ana sauti kubwa. Waliopoteza walikasirika sana. Aliyeko eneo linaloruhusiwa angalau anaweza kufikiria kumwona wakili. Aliyeingia kwa VPN anaanza malalamiko yake kwa kukiri kwamba hakupaswa kuwepo.

Sheria ya kamari ina historia ndefu ya kumwacha mchezaji peke yake kwa namna hii. Uingereza, tangu sheria ya 1845, mikataba ya kamari ilikuwa batili: ukishinda na mwenzako akakataa kulipa, mahakama haikukusikiliza. Hali hiyo ilibadilika kwa sheria ya kamari ya 2005, iliyoanza kutumika Septemba 2007, na mabadiliko yale yaliwanufaisha wanaocheza kihalali. Maeneo mengi yaliyorithi sheria za Kiingereza bado yana vifungu vya zamani. Kwa hiyo hata pale ambapo polisi hawana habari na wewe, mahakama nayo haina habari na wewe.

Kwa kipimo changu hii ndiyo njia mbaya kuliko zote nne, hata katika nchi ambazo haimtii mchezaji hatiani. Unabeba hatari zote za soko, juu yake hatari ya kunyang'anywa nafasi ya kudai chako.

Kwenda moja kwa moja kwenye mkataba mahiri

Hoja ya watu wa njia hii ni nzuri kuisikia. Tovuti ni dirisha tu, wanasema. Soko lenyewe ni programu iliyo kwenye blokucheni ya Polygon, yaani daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, haina makao, haimwulizi mtu anatoka wapi. Ukizungumza na programu bila kupitia dirisha, hujavunja masharti ya mtu.

Kiufundi nusu yake ni kweli. Mkataba mahiri wa soko upo hadharani. Mtu yeyote mwenye pochi anaweza kuuwekea dola 1 ya USDC na kupewa jozi: hisa moja ya Ndiyo na moja ya Hapana. Anaweza pia kurudisha jozi hiyo na kupata dola yake, au kukomboa hisa iliyoshinda baada ya tukio. Lakini jozi haina faida yoyote mpaka upate wa kumwuzia upande usioutaka. Na wauzaji wako wapi? Kwenye kitabu cha oda, yaani orodha ya wanaotaka kununua na kuuza, na kitabu cha oda cha Polymarket hakiko kwenye blokucheni. Kinaendeshwa na kampuni. Kinachoandikwa kwenye mnyororo, yaani kwenye blokucheni, ni malipo baada ya oda kukutana. Kwa hiyo "moja kwa moja" unafika sebuleni na kukuta wenzako wote wamekaa chumba kingine ambacho mlango wake ni uleule uliokufungia.

Kuna masoko ambayo kila kitu chake kiko kwenye mnyororo. Augur ilianza hivyo kwenye Ethereum, blokucheni nyingine, Julai 2018, kwa kelele nyingi na wanunuzi wachache. Ukimya huo ndio gharama: soko lisilo na watu lina bei za ajabu, na kutoka kabla ya tukio ni kubembeleza.

Upande wa sheria, hoja ya "hakuna kampuni, hakuna kosa" imekwisha kujaribiwa mahakamani na kushindwa. Waanzilishi wa bZeroX, jukwaa la biashara ya kripto ya mkopo, waliuhamishia mfumo wao mikononi mwa shirika la mtandaoni linaloendeshwa kwa kura za wenye tokeni, Ooki DAO, kwa matumaini kwamba wadhibiti hawatakuwa na wa kumshika. CFTC ililishtaki shirika lenyewe Septemba 2022. Hati za mashtaka ziliwasilishwa kupitia kisanduku cha mazungumzo cha tovuti na jukwaa la majadiliano, mahakama ya California ikaridhika kwamba zimefika, na Juni 2023 ikatoa hukumu: shirika ni mtu mbele ya sheria, faini dola 643,542, tovuti ifungwe.

Shauri lile lilihusu waendeshaji, siyo wateja, na sitaki kulivuta kuliko linavyonyooka. Linachoonyesha ni kwamba kukosekana kwa kampuni hakuiondoi sheria. Na kama sheria ya unakoishi inamgusa mchezaji, inagusa kitendo cha kuweka dau. Haijali kama dau lilipita kwenye tovuti nzuri au kwenye mstari wa amri kwenye kompyuta yako.

Wala pesa yenyewe haiko nje ya mkono wa mtu. Circle, kampuni inayotoa USDC, inaweza kuigandisha kwenye anwani fulani, na ilifanya hivyo Agosti 2022 kwa anwani za Tornado Cash, huduma ya kuficha sarafu zilikotoka, baada ya vikwazo vya Marekani. Pia blokucheni haisahau. Kila oda iliyolipwa inabaki pale kwa tarehe na saa, na siku anwani yako itakapohusishwa na jina lako, historia nzima inasomeka kama daftari.

Nikilinganisha na VPN: hapa huvunji makubaliano na mtu na hudanganyi mtu wakati wa kuingia, jambo ambalo nalipa alama. Ugumu wa kutoka ni uleule, na wa kukusaidia hayupo kabisa. Kwa mtu anayejua kusoma msimbo, anayeishi mahali ambapo sheria haimwadhibu mchezaji, ni njia inayoeleweka. Kwa aliyeisoma kwenye video ya dakika nne, ni shimo.

Soko lenye leseni

Hapa watu hukosea kwa kudhani kuna soko moja tu duniani. Mkazi wa Marekani aliyekuwa akihangaika na VPN mwaka 2024 alikuwa na Kalshi nyumbani kwake, soko lililoidhinishwa na CFTC mwaka 2020, ambalo mwaka huohuo wa 2024 lilishinda mahakamani na kufungua mikataba ya uchaguzi. Alikuwa pia na PredictIt, soko jingine la utabiri, na soko la chuo kikuu cha Iowa lililopo tangu 1988, ingawa dau huko halizidi dola 500. Mkazi wa Uingereza, ambako Polymarket imefungwa, ana Betfair, ambako tangu mwaka 2000 watu huwekeana dau wao kwa wao, siasa ikiwemo, chini ya leseni ya mdhibiti wa kamari. Bei zake zinaandikwa kwa mtindo wa dau badala ya senti, lakini 1.61, yaani kulipwa 1.61 kwa kila 1 uliyoweka, ni senti 62 kwa lugha nyingine.

Hata Polymarket yenyewe ilirudi Marekani kwa mlango wa mbele: Julai 2025 ilinunua QCEX, soko lililokuwa na leseni tayari, kwa dola milioni 112, na Novemba mwaka huo CFTC ikairuhusu kufanya kazi kupitia mawakala. Matokeo yake ni kichekesho kidogo. Jina moja, milango miwili: mmoja wa ndani ulio halali kwa Mmarekani, mwingine wa kimataifa ambao masharti yake bado yanamkataa. Ukiwa eneo kama hilo, angalia anwani ya tovuti na jina la kampuni iliyoandikwa chini ya masharti kabla ya kuweka hata senti.

Leseni ina gharama zake. Utaonyesha kitambulisho, utaandikwa kwenye vitabu vya kodi, na masoko yatakuwa machache, kwa kuwa mdhibiti hakubali kila swali. Wala si kinga kamili. Mwaka 2025 Nevada, New Jersey na Maryland ziliiandama Kalshi kwa hoja kwamba mikataba yake ya michezo ni kamari inayohitaji leseni ya jimbo, na majaji wakagawanyika: wa New Jersey akaipa kampuni zuio dhidi ya jimbo, wa Maryland akaikatalia. Lakini tazama nani anapigana. Ni kampuni na jimbo, kwa mawakili wao. Mteja amekaa nyumbani, na salio lake linatunzwa chini ya kanuni za mdhibiti.

Tahadhari moja kwa walio nje ya Marekani. Oktoba 2025 Kalshi ilitangaza kuwafungulia watu wa nchi zaidi ya 140. Hiyo inamaanisha kampuni iko tayari kukupokea. Haimaanishi nchi yako imekubali. Leseni ya nchi moja haivuki mpaka kwa kuwa tovuti inafunguka.

Utabiri bila pesa

Metaculus, iliyoanza 2015, na Manifold, yenye sarafu yake ya kuchezea, hukuruhusu kutabiri mambo yaleyale bila dau. Sheria nyingi za kamari zinahitaji vitu vitatu vikutane: dau, bahati na zawadi. Ondoa dau, kosa linakosa mguu. Manifold ilijaribu mwaka 2024 kuongeza mchezo wa zawadi za pesa halisi, ikaachana nao mwaka uliofuata. Anayetaka kujua tu kama ana jicho la kutabiri atapata jibu hapa kwa bei ya bure, na rekodi yake itamuumbua vilevile.

Usisahau pia kwamba masharti ya Polymarket yanaruhusu kutazama bei popote. Kusoma si kununua. Waandishi na wachambuzi walioko maeneo yaliyofungiwa hutumia zile asilimia kila siku, na hakuna wanachovunja.

Ningemwambia nani achukue ipi

Kama sheria ya unakoishi inamwadhibu mchezaji, njia ni mbili tu: leseni ya ndani kama ipo, au pointi. Sioni hoja ya kiufundi inayobadilisha hilo, na faida ya dola 306 haitoshi kununua hata saa moja ya wakili.

Kama inamwandama mwendeshaji pekee, na kuna soko la ndani lenye leseni, lichukue hata kama maswali yake yanachosha. Kama halipo, uko kwenye hali ngumu kuliko zote, maana huvunji sheria waziwazi na hulindwi na yeyote. Hapo ningekaa na pointi nikisubiri, kwa sababu mambo yanabadilika haraka: Marekani ilitoka kwenye faini ya 2022 hadi kibali cha 2025 katika miaka isiyofika minne.

Kama huna uhakika uko kundi gani, usiulize kwenye tovuti ya soko wala kwa anayelipwa kwa kukuleta. Fungua ukurasa wa mdhibiti wa kamari wa nchi yako, tafuta orodha ya waliozuiwa na orodha ya wenye leseni, kisha soma kifungu cha makosa kwenye sheria yenyewe. Tafuta neno moja tu: kinaanza kwa "mtu anayetoa huduma" au "mtu anayeshiriki"? Vifungu hivyo huwa vifupi kuliko watu wanavyodhani. Na ukikuta fomu ya kodi ina mstari wa mapato ya kamari, usiuchukue kama ruhusa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1961 kwamba hata pesa ya wizi inatozwa kodi.

Linabaki kundi moja: aliyekuwa ndani kabla mlango haujafungwa. Katika nchi kadhaa zilizozuiwa, Polymarket iliwaachia wenyeji uwezo wa kufunga nafasi zao, yaani kuuza hisa walizokuwa nazo, bila kufungua mpya, kwa hiyo ingia kama ulivyo, bila VPN, uone kitufe cha kuuza kama kinafanya kazi. Kinapofanya kazi, uza, toa kiasi kidogo kwanza uone kinafika, kisha kilichobaki. Pakua historia yote ya miamala siku hiyohiyo, na uhifadhi tangazo la kufungiwa lenye tarehe, kwa sababu fomu ya chanzo cha fedha itakuja, na tofauti kati ya oda ya kabla ya tarehe ile na ya baada yake ndiyo utakayohitaji kuionyesha.